Maji Yalifika Barazani: Niliyojifunza Nikichora Ramani ya Mafuriko Ng'ambo

Mara ya kwanza nilipoifungua ramani ya miinuko ya shehia niliyopewa kuishughulikia, kompyuta ilinionesha kwamba Ng'ambo nzima, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, pamoja na nyumba za maendeleo za Michenzani, iko zaidi ya mita 20 chini ya bahari. Niliitazama, nikaifunga, nikaifungua tena. Mwenzangu aliyenitangulia katika kazi ya upimaji alinieleza, bila ya kunicheka sana, kwamba kipokezi cha setilaiti hakianzi kuhesabu kimo kwenye usawa wa bahari tuijuayo sisi, bali kwenye umbo la kihesabu linalowakilisha dunia, na kwamba katika pwani yetu umbo hilo limepita juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20. Anayesahau kuiondoa tofauti hiyo huuzamisha mji.

Kosa lile halikunidhuru kwa sababu lilikuwa kubwa mno. Hapana mtu ambaye angeliamini. Yaliyonisumbua katika miaka iliyofuata ni makosa ya sentimita, maana mafuriko ya mji wetu ni jambo la sentimita. Maji yakisimama sentimita 10 chini ya kizingiti, watu huvua viatu, huinua mabuibui na suruali, na siku hupita. Yakikivuka kizingiti kwa sentimita 5, ni magodoro, magunia ya mchele na vyeti vya watoto vilivyowekwa kwenye mtoto wa meza wa chini. Kati ya hali hizi mbili pana kipimo kisichozidi urefu wa kiganja, na kazi yangu ilikuwa ni kukitafuta kiganja hicho.

Niliingia katika kazi hii nikiwa mwanafunzi, mwaka 2016, wakati Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walipoanza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Zile tulizozitumia zilikuwa na mwili wa povu, uzito wake haufiki kilo moja. Unaishika ndege mkononi, unaitikisa mara tatu mpaka injini iwake, kisha unaiachia ikipanda kuelekea upepo unakotoka. Inapomaliza mizunguko yake inarudi na kutua kwa tumbo katika uwanja wa mpira, na watoto wa mtaa mzima wanakuwa wameshafika kabla yako. Picha zake zilikuwa na pikseli ya sentimita chache tu, kiasi kwamba juu ya paa la bati uliweza kuyaona mawe na matairi yaliyowekwa ili upepo usiliezue, na uani uliweza kuziona ndoo na kamba ya nguo.

Kabla ya hapo, aliyetaka kuijua miinuko ya Zanzibar bila ya gharama alitegemea vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, mwezi wa Februari 2000. Kila kipande cha vipimo hivyo ni mraba wa mita 30 kwa 30, na kimo chake kimeandikwa kwa mita kamili, bila ya desimali. Katika Ng'ambo mraba wa namna hiyo humeza nyumba kadhaa, uchochoro, mtaro na muembe, vyote vikapewa kimo kimoja. Kwa mabonde ya bara, ambako mto hushuka mamia ya mita, vipimo hivyo vina faida yake. Kwa shehia ambayo mtu anaweza kuivuka kwa miguu asihisi kama amepanda wala ameshuka, havina la kusema. Kwa hiyo picha za ndege zilipokuja tulidhani kwamba shida imekwisha.

Haikwisha, kwa sababu ndege huona kilicho juu. Uso unaotokana na picha zake ni uso wa mapaa, mikungu, mahema ya biashara na malori yaliyoegeshwa siku ile. Nilipoyamwaga maji ya kompyuta juu ya uso huo, yalitiririka kutoka paa hadi paa kama yanayoshuka vilima, yakaenda kujikusanya mahali ambapo nilipaandikia kwa fahari kuwa ndipo penye hatari kubwa kuliko pote. Nilipofika kupaangalia nilikuta uani wa nyumba uliozungushiwa ukuta, mkavu, na mwenyewe ameanika karafuu alizoletewa kutoka Pemba. Barabara nazo, kwa kuwa zimenyanyuliwa kwa tuta, kompyuta ilizihesabu kuwa ni mabwawa, maana kalvati hupita chini ya barabara na ndege iliyo angani haina njia ya kuliona. Nililazimika kuyaondoa mapaa, kisha kuichora mitaro na makalvati kwa mkono ndani ya QGIS, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, moja baada ya jingine. Na ili niyachore, ilibidi kwanza niyaone, na ili niyaone, ilibidi nitembee.

Jijini Dar es Salaam njia hiyo wenzetu walikuwa wameshaipita. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwachukua wanafunzi na wakaazi wakaenda mtaa kwa mtaa na simu mikononi, wakarekodi mitaro na mahali maji yanapofika, na kuviingiza katika ramani ya OpenStreetMap ambayo kila mtu anaweza kuitumia. Sisi tuliiga. Tuliandaa fomu ya kwenye simu yenye swali hili: maji yalifika wapi? Majibu ya kuchagua yalikuwa matatu: kifundoni, gotini au kiunoni. Nilijivunia fomu hiyo mpaka siku ya kwanza ya kuitumia, kwani katika nyumba karibu zote tulizobisha hodi hapakuwa na mtu aliyejibu kwa kiungo cha mwili. Walijibu kwa baraza. Maji yalikuwa chini ya baraza. Maji yalilamba baraza. Maji yalipanda barazani yakatukuta tumekaa.

Nilitamani kuwarejesha kwenye fomu, na nyumba mbili tatu nilifanya hivyo, nikapata majibu ambayo mtu huyatoa ili mgeni aondoke. Kisha ikanijia kwamba goti ni la mtu na mtu huondoka nalo, ilhali baraza lipo pale pale, limejengwa kwa saruji, na kimo chake kinapimika hata miaka kumi baada ya mvua. Mtu anayekwambia kuwa masika ya mwaka 2017 maji yalisimama chini ya ukingo wa baraza lake amekupa kipimo ambacho hapana kituo cha serikali kilichokirekodi. Tukaibadilisha fomu. Kila nyumba tulichukua kimo cha baraza kutoka usawa wa uchochoro, kimo cha kizingiti, na alama ya maji kama wenyewe walivyoieleza.

Bibi mmoja alituonesha alama hiyo ukutani, mstari wa kahawia uliobaki chini ya chokaa mpya. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuambia tukae kitako kwanza, mambo ya kupima yatakuja baadaye. Nilipouweka utepe, baraza lake lilikuwa na sentimita 31 tu, na la jirani yake, nyumba ya rika lile lile, lilikuwa na 46. Nikamuuliza kama fundi alikosea.

"Hakukosea," alisema. "Mimi nilipoolewa nyumba hii, nikikaa hapa miguu yangu ikining'inia. Tazama leo goti langu lilipo."

Goti lake lilikuwa juu, karibu na kifua. Baraza halikushuka, uchochoro ndio uliopanda. Kila baada ya mvua kubwa wenye nyumba humwaga kifusi mbele ya milango yao, gari moja au mawili kwa kadiri ya mfuko wa mtu, na maji yaliyokuwa yakisimama kwake husogea kwa jirani ambaye bado hajapata fedha ya kifusi. Sasa kuingia kwa bibi yule unashuka hatua moja, na ndani ameviweka vitanda na kabati juu ya matofali, moja kila mguu. Nilipoandika kwenye daftari kwamba vipimo vya ndege vya mwaka 2016 kwa uchochoro ule vimepitwa na wakati, yeye aliniuliza ninaandika nini kirefu hivyo. Nikamsomea. Akasema kumbe na nyinyi mmeliona.

Sikuwahi kufundishwa kwamba ardhi ya mji hupanda kwa namna hii. Darasani ardhi ilikuwa ni kitu kilichotulia, na kinachobadilika ni mvua. Lakini Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya mwaka 2012, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 893,169. Watu laki tatu walioongezeka katika miaka kumi wamehitaji mahali pa kujenga, na kila paa na kila uwanja wa saruji ni mahali ambapo maji yaliyokuwa yakinywewa na mchanga hayanyweki tena. Mabondeni, penye udongo wa kinamo, hata zamani maji yalichelewa kuzama. Ramani ya miinuko katika mji wa namna hii ina umri wake kama maziwa. Tangu siku ile kila tabaka la ramani ninalolitengeneza huliandikia tarehe ndani ya jina la faili, na nikipewa tabaka lisilo na tarehe huwa siliamini.

Palikuwa na tatizo jingine, la kupima ndani ya vichochoro vyenyewe. Kuta zimekaribiana, mabati yametokeza juu, na kipokezi cha setilaiti humo hupotea: mara kinasema umesimama juu ya paa, mara umesimama nyumba ya tatu. Kutoka kwenye alama yetu ya barabarani, ambayo kimo chake tulikipima kwa kipokezi, tulihitaji kuuhamisha usawa hadi ndani, kona nne au tano. Jirani wa bibi yule ni fundi mwashi. Alitutazama tukihangaika kwa muda mrefu kidogo kuliko ulivyo uungwana, kisha akaingia ndani akatoka na mpira wake, ule mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji ndoo kwa ndoo mpaka mapovu yakatoka.

"Kijana, iache hiyo ipumzike," aliniambia, akikiashiria kipokezi. "Shika huku, usizibe kwa kidole."

Maji katika ncha mbili za mpira hukaa usawa mmoja, uwe na kona ngapi katikati. Kwa mpira ule tulipita vichochoro vyote kwa siku mbili, na sehemu mbili zilizo wazi nilipoangalia upya kwa leveli ya mguu-tatu, tofauti haikufika sentimita moja. Kipokezi kile kiligharimu fedha ambazo fundi hazipati kwa mwaka. Sikidharau, kwani bila ya chenyewe alama ya barabarani isingekuwepo; ila katika ripoti niliandika wazi kwamba vimo vya vichochoroni vimetokana na mpira wa maji. Mtu mmoja wa juu alitaka nilifute neno hilo kwa kuwa halileti picha nzuri. Nililiacha.

Nilikwenda pia katika Jumba la Nyaraka, Kilimani, kuzitazama ramani za kale. Mji huu umepangwa mara nyingi: upo mpango wa Lanchester wa mwaka 1923, upo wa 1958, upo wa 1968 uliotayarishwa na Mjerumani wa Mashariki, Scholz, na upo wa Wachina wa mwaka 1982. Nilichokifuata mimi ni jambo moja, nalo ni mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambao ulikuwa ukifukiwa kidogo kidogo mpaka ukawa ardhi tunayoikanyaga bila ya kufikiri. Nilipoiskani ramani moja na kuilaza juu ya picha ya ndege, baadhi ya mahali ambapo wakaazi walituonesha kuwa maji huchelewa kuondoka palilala ndani au kandokando ya mkono ule. Hapo ndipo nilipoanza kuyasikia upya majina ambayo nimeyataja tangu utotoni. Darajani palikuwa na daraja. Kisiwandui inataja kisiwa. Funguni ni penye fungu. Ziwani haihitaji kuelezwa. Ningeyaingiza majina haya kama tabaka la kwanza kabisa, kabla ya setilaiti yoyote, kama ningeanza upya.

Ramani yetu ya kwanza iliyokamilika ilikuwa na kosa ambalo hakulitambua mpimaji yeyote. Niliipeleka kwa mzee mmoja mvuvi ninayefahamiana naye, si kwa ajili ya kazi, bali nilipita kumsalimia nikiwa nayo kwapani. Aliifungua, akaufuatisha mtaro mkubwa kwa kidole mpaka unapotokea baharini, akauliza mvua hii niliyoihesabu ilinyesha bahari ikiwa imejaa au imekupwa. Sikuwa na jibu. Katika hesabu zangu mdomo wa mtaro ulikuwa wazi saa zote, kana kwamba maji yakishafika pwani yana pa kwenda. Katika bamvua la Zanzibar, siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne, na bahari inapokuwa juu huuziba mdomo wa mtaro kama kizibo. Mvua ile ile ambayo ikinyesha wakati wa maji mafu huondoka kwa saa moja, ikikutana na bamvua lililojaa hubaki mitaani mpaka bahari ianze kurudi. Bandarini pana kipimo cha usawa wa bahari kilichokuwa kikirekodi tangu miaka ya themanini, na majedwali ya maji yanapatikana. Data ilikuwepo siku zote. Sikuiomba kwa sababu nilidhani mafuriko yanatoka juu tu.

Tulizirudia hesabu zote mara mbili, kwa bahari iliyokupwa na kwa bamvua lililojaa, na ramani ya pili ndiyo iliyofanana na mistari ya kahawia ukutani.

Kuhusu kuzipata data, nitasema kwa ufupi kwa sababu kila aliyefanya kazi hii analo la kwake. Picha za ndege ziliwekwa wazi mtandaoni, yeyote azichukue. Vimo vya alama za ardhini ambazo kwazo picha hizo zilisahihishwa, ambavyo ndivyo nilivyovihitaji kuliko picha, vilikuwa katika diski moja, ndani ya mtoto wa meza, katika ofisi moja, na mwenye ufunguo alikuwa likizo. Niliandika barua tatu. Aliporudi alinipa kwa dakika tano, akanishangaa kwa nini sikumpigia simu.

Siku ya kuionesha ramani kwa wakaazi, Bwana Sheha alitutafutia darasa la madrasa baada ya sala ya alasiri. Tuliibandika karatasi kubwa ukutani. Nyumba zilizo hatarini nilikuwa nimezipaka rangi nyekundu, kama vitabu vinavyofundisha. Watu walizitafuta nyumba zao, wakacheka, wakaoneshana, kisha kukawa kimya, na bwana mmoja aliyekaa nyuma akauliza kama hizo nyekundu ndizo zitakazovunjwa. Nilisema hapana. Hakuniamini, na sikuwa na haki ya kudai aniamini, kwa sababu watu wa mji wowote wameshaona alama nyekundu ikichorwa kwenye ukuta na wanajua kinachofuata. Nilizima maelezo yangu yote nikajibu maswali ya kuvunjwa kwa nusu saa. Toleo lililofuata lilikuwa la buluu, nyepesi na iliyokoza, na maelezo ya rangi hayakuandikwa kwa sentimita: yaliandikwa chini ya baraza, sawa na baraza, juu ya baraza.

Katika mkutano ule ule mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga alisema nyumba yake ni nyeupe kwenye ramani na ni kweli, maji hayaingii. Lakini njia mbili za kutokea kwake zote hujaa, na mwaka uliopita alikaa na mtoto mwenye homa mpaka asubuhi. Nilikuwa nimechora nyumba kwa uangalifu mkubwa, wala sikuwa nimechora kutembea. Tulirudi tukazipima njia: wapi mtu mzima anaweza kupita, wapi bodaboda haipiti, nyumba zipi hubaki kisiwa ingawa sakafu yake ni kavu. Ilipofika wakati wa kuchagua kalvati la kupanuliwa kwanza, orodha ilibadilika. Lililokuwa la nne likawa la kwanza, kwa kuwa linaifungua njia ya kwenda kituo cha afya kwa sehemu kubwa ya bonde.

Baadaye nilipelekwa Pemba kwa kazi nyingine, nikabeba fomu yangu ya mabaraza. Haikunifaa sana. Pemba ina vilima, maji hayakai, hukimbia, na hasara yake ni udongo unaochukuliwa, pamoja na mabonde ya mpunga yanayoingiliwa na maji ya chumvi kutoka baharini. Huko watu walipima kwa majaruba: jaruba gani lilivunwa mwaka gani, na lipi liliachwa. Nikaandika fomu nyingine.

Masika yaliyopita Bwana Sheha alinitumia picha saa nane ya usiku. Ilikuwa ni nguzo tuliyoipaka rangi kila sentimita 10 kwenye ukingo wa mtaro mkubwa, imemulikwa kwa tochi ya simu, na maji yako kwenye alama ya 70. Kwa mvua ile, na kwa bahari ilivyokuwa usiku ule, hesabu zangu zilisema yasizidi 50. Nilimwomba anipigie picha upande wa chini wa barabara, akaenda, akarudisha jibu kwamba huko maji ni machache. Asubuhi nilimkuta fundi ameshafika na mpira wake begani. Kalvati lilikuwa limezibwa kwa kifusi kipya upande wa kuingilia, nusu nzima, na matairi ya gari lililokimwaga bado yalikuwa yameacha alama kwenye tope. Tuliupima urefu wa kilichobaki wazi: sentimita 28. Niliiandika, na tarehe.